Safu ya Ushauri: Nichague fani gani jeshini nisije nikarudi Amu mikono mitupu?

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Langoni, Amu. Baba yangu ni nahodha wa jahazi la mizigo linalokwenda Faza na Kizingitini, na tangu utotoni nimeshinda gatini na mashine za mashua kuliko nilivyoshinda uwanjani. Nilipomaliza kidato cha nne nilijiunga na chuo cha ufundi kusomea stashahada ya ufundi wa mitambo, na sasa nimebakiza mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho.

Tangazo la usajili wa makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) limetoka, na nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Baba angependa niingie jeshi la wanamaji, kwa kuwa anaamini kwamba mtoto wa bahari haishi vizuri akiwa mbali nayo, na kwamba nikitoka huko nitapata kazi katika meli za biashara au katika bandari mpya ya Kililana. Mama hataki kusikia neno jeshi, kwani hajasahau shambulio la kambi ya Manda Bay la Januari 2020. Rafiki zangu wananihimiza nichague mawasiliano ya redio na kompyuta kwa sababu ndiko dunia inakoelekea, na wengine wananiambia niombe utabibu kwa kuwa wagonjwa hawaishi.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mjomba wangu. Alihudumu katika kikosi cha askari wa miguu hadi akafikia cheo cha sajini, akastaafu akiwa bado na nguvu zake, na leo analinda lango la hoteli moja Malindi, zamu ya usiku, kwa sababu pensheni pekee haitoshi kulipa karo ya wanawe. Hanikatazi kwenda, ila ameniambia nihakikishe kwamba siku ya kutoka nitakuwa na kitu mkononi ambacho raia wanaweza kukisoma.

Kuna pia mtu wa Mokowe aliyemwambia baba kwamba kwa shilingi laki tatu anaweza kunihakikishia nafasi ya wanamaji. Baba ameanza kufikiria kuuza kiwanja.

Je, niende sasa kama kuruta wa kawaida na kutumaini kwamba nitafundishwa kazi nikiwa ndani, au nimalize chuo kwanza? Na ni fani gani ya kijeshi itakayonipa riziki nikivua sare? Sipendi kuonekana kama mtu anayehesabu siku za kutoka kabla hajaingia, lakini kila nikimwona mjomba nalazimika kuuliza.

Mwana wa Nahodha, Langoni.

*

Marahaba, mwanangu.

Usione haya kuuliza habari za kutoka. Uaskari ni kazi inayomalizika mapema kuliko kazi nyingi. Mtu wa cheo cha chini huvua sare akiwa bado na watoto shuleni na miaka mingi ya kufanya kazi mbele yake, na kwa hiyo anayechagua fani bila kufikiria miaka hiyo huwa amechagua nusu tu ya maisha yake. Mjomba wako amekupa swali sahihi kabisa, nami nitalitumia kupimia kila fani uliyoitaja: ni nani, nje ya jeshi, atakayekubali kuutambua ujuzi huo kwa maandishi?

Kabla ya hapo, maliza chuo. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu jeshi letu lina milango miwili kwa watu wa daraja lako. Upo mlango wa makurutu wa kawaida, na upo mlango wa mafundi, yaani wale wanaoingia wakiwa tayari na cheti au stashahada ya kazi fulani. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, kuruta wa kawaida ametakiwa awe na umri kati ya miaka 18 na 26, ilhali fundi ameruhusiwa hadi miaka 30. Wewe una miaka 22. Mwaka uliobakiza haukufungii mlango wowote. Unakuongezea wa pili. Kuruta wa kawaida hupangiwa kazi kulingana na mahitaji ya jeshi na vipimo anavyofanyiwa, na anaweza kuomba hiki akapewa kile, na amri ikishatoka haijadiliwi. Fundi naye ni askari chini ya amri zilezile, lakini amesajiliwa kwa ajili ya kazi aliyokuja nayo, na hiyo ndiyo njia ya karibu zaidi na kujichagulia fani. Orodha ya fani zinazohitajika hubadilika kila usajili, kwa hiyo lisome tangazo lenyewe neno kwa neno, wala usitegemee ya kuambiwa barazani.

Sasa fani zenyewe. Nianze na ile ya mjomba wako, maana ningependa tuiseme kwa heshima. Askari wa miguu ndiye jeshi lenyewe. Wengine wote wapo ili yeye afike, ale, awasiliane na apate matibabu. Nidhamu na uongozi anaoupata sajini si kitu kidogo. Tatizo ni kwamba hakuna mamlaka ya kiraia inayotoa leseni ya uongozi wa kikosi, na soko linalomfungulia mlango kwa urahisi ni lile la ulinzi wa kibinafsi, ambalo limewekewa sheria tangu 2016 lakini bado mishahara yake ni midogo. Akiwa na bahati hupata nafasi ya kusimamia ulinzi wa kampuni au hoteli kubwa, lakini hata huko ataulizwa stashahada.

Mawasiliano na kompyuta yana soko, nami sibishani na rafiki zako juu ya hilo. Ila ujuzi huu huchakaa upesi, na sehemu ya kazi ya jeshi huifanyi kwa vifaa ambavyo raia wanavyo, wala huruhusiwi kuieleza kwa undani utakapokuwa ukiomba kazi, kwani siri za ulinzi hubaki siri hata baada ya kustaafu. Nimewasikia vijana wa Malindi wakisema kwamba fundi wa redio atapokewa katika kituo cha anga cha Ngomeni, kule ambako setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ni kweli pia kwamba Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Lakini mtu hapangi maisha yake kwa kutegemea kituo kimoja. Ukichagua njia hii, itakulazimu ulipie na ufanye mitihani ya kiraia ya mitandao kila baada ya miaka michache, bila kungoja jeshi likutume. Wewe, kwa barua yako, hukunionyesha mapenzi hayo.

Utabibu ni fani nzuri kwa anayeutaka, mradi aulize jambo moja mapema: je, mafunzo atakayopewa yatamwezesha kusajiliwa na baraza la taaluma yake? Muuguzi hahesabiwi kuwa muuguzi nje ya kambi bila Baraza la Wauguzi la Kenya kumsajili na kumpa leseni, ambayo huhuishwa. Kozi fupi ya kuwahudumia majeruhi vitani inaokoa maisha, lakini peke yake haimpi mtu kazi katika hospitali ya King Fahad. Hukuutaja utabibu kama jambo lako mwenyewe, nami nauacha hapo. Hali ni hiyohiyo kwa fundi wa ndege, ambaye hata akiwa amehudumia ndege za kivita kwa miaka atalazimika kufanya mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kabla ya kutia sahihi kazi yoyote katika ndege ya abiria. Na kwa fundi wa umeme, ambaye leseni yake hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli.

Nitasimama kidogo jikoni, ingawa najua utacheka. Wapishi wa jeshi hudharauliwa na vijana, na sijui kwa nini, kwa kuwa pwani yetu yote kutoka Shela hadi Watamu inaishi kwa hoteli. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unataka mpishi wa meli awe amefunzwa na kuthibitishwa, na ni meli zenye watu wasiofikia 10 tu zinazoweza kuruhusiwa kwenda bila mpishi mwenye sifa kamili. Ukiwa na rafiki anayependa kupika na anayeiogopa fani hiyo kwa sababu ya jina lake, mwonyeshe maneno haya.

Turudi kwako. Mikono yako imezoea mashine, na stashahada yako ni ya mitambo. Ushauri wangu ni kwamba uombe kama fundi wa mitambo, uandike wanamaji kuwa chaguo lako la kwanza, lakini uweke moyoni kwamba kazi ndiyo unayoichagua na rangi ya sare ni jambo la pili. Injini ya dizeli ya lori la jeshi la nchi kavu, ya jenereta ya kambi na ya meli ya doria zinafanana kwa mambo ya msingi, na aliyezimudu hizo atatafutwa na hoteli, na kampuni za ujenzi, na wenye matrekta, na wenye mashua. Kampuni ya Kenya Shipyards, iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, ina karakana Mtongwe na Kisumu, na uundaji na ukarabati wa meli unataka mafundi wa injini na wachomeleaji. Fani hii ina soko bara na baharini, na ndiyo sababu ninaiweka mbele ya zote ulizozitaja.

Hata hivyo, baba yako anahitaji kuelezwa jambo ambalo wazee wengi wa pwani hawaambiwi. Kuhudumu katika manowari hakumfanyi mtu kuwa baharia wa meli za biashara moja kwa moja. Vyeti vya mabaharia duniani hutolewa kwa kufuata mkataba wa 1978 unaojulikana kama STCW, na mkataba huo, katika kifungu chake cha 3, unaziacha nje meli za kivita, vyombo vya uvuvi, na pia vyombo vya mbao vya muundo wa kale. Kwa maneno mengine, safari zako za Kizingitini katika jahazi la baba, na miaka utakayokaa katika kambi ya wanamaji ya Mtongwe, zote ziko nje ya hesabu ya kawaida ya mkataba huo. (Mafundi wa kuunda majahazi wa Matondoni wangekuwa na la kusema kuhusu kuwekwa fungu moja na manowari.) Ujuzi unao, lakini karatasi hujiandikii.

Karatasi hiyo, kwa Kenya, hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, na mafunzo yake hupatikana katika vyuo ilivyoviidhinisha, kama Chuo cha Bandari Maritime Academy cha Mombasa. Kwa mtu wa chumba cha injini anayeanzia chini, katika meli yenye injini kuu ya kilowati 750 au zaidi, mkataba unataka angalau miezi 6 ya mafunzo na uzoefu baharini, au mafunzo maalumu yenye angalau miezi 2 baharini, pamoja na kuthibitisha kwamba anaiweza kazi. Hicho si kilima kirefu kwa mtu aliyetoka manowarini akiwa fundi kamili, lakini lazima akipande. Ili KMA iweze kuipima huduma yako ya jeshini kwa haki, anza tangu siku ya kwanza kuweka daftari: jina la chombo, aina ya injini na nguvu yake kwa kilowati, tarehe ya kupanda na ya kushuka, na cheo ulichofanyia kazi, kisha mwombe mkuu wako wa mitambo atie sahihi kila chombo unapohamishwa. Andika yale tu yanayoruhusiwa kuandikwa. Injini si siri, safari huenda ikawa. Ukingoja hadi mwaka wa kustaafu ndipo uanze kukusanya sahihi, utakuta nusu ya wakuu hao wameshastaafu na vyombo vingine vimeshauzwa.

Vyeti havizeeki kwa namna moja, na hapa ndipo askari wengi hupoteza fedha. Viko vyeti ambavyo ukishavipata hubaki vyako: stashahada yako, na mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo hupanda kutoka daraja la 3 hadi la 1. Hivi vifuate mapema, katika miaka yako ya kwanza ya utumishi, wakati kichwa bado kina mazoea ya darasa. Kwa ujuzi utakaoupata kazini bila kukaa darasani, upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali chini ya KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma iliyoundwa kwa sheria ya 2014; uulizie ukiwa bado kazini, kwa kuwa ushahidi wake uko karakanani kwenu. Vingine vina muda. Mafunzo ya kujiokoa baharini na ya kuzima moto, ambayo kila baharia wa meli ya biashara hutakiwa kuwa nayo, lazima uwezo wake uthibitishwe upya kila baada ya miaka 5, na cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka 2. Mchomeleaji naye hupimwa tena na tena. Kuvikimbilia vyeti hivi ukiwa na miaka 25 ili vikusaidie ukiwa na miaka 42 ni kununua barafu kwa ajili ya arusi ya mwakani. Vitengee fedha, na uvifanye katika mwaka wako wa mwisho, ukiwa na likizo ya kutosha kukaa Mombasa.

Ukipangiwa kuendesha magari au mitambo ya ujenzi, usikate tamaa wala usidhani umepotea njia. Hakikisha tu kwamba leseni yako ya udereva kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ina daraja linalolingana na magari unayoyaendesha jeshini, kwa kuwa ruhusa ya kijeshi pekee haitamtosha mwenye malori. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na kama kazi za Kililana zitaongezeka, watakaoitwa kwanza ni wenye leseni za malori na mitambo mizito na wenye vyeti vya injini, si wenye hadithi za vita. Hata hivyo singekuambia ujenge matumaini yote hapo. Bandari hiyo imeahidiwa mengi.

Kuhusu mama yako, tafadhali usimdanganye kwamba fundi haendi vitani. Makurutu wa majeshi yote matatu huanza Eldoret kwa mafunzo yaleyale ya bunduki, na gari au chombo kinapoharibikia mahali pa hatari, fundi hupelekwa mahali hapohapo. Tangu Oktoba 2011 wanajeshi wetu wamehudumu Somalia, na wamo mafundi waliokwenda huko. Keti naye, pamoja na mjomba ikiwezekana, mweleze kweli yote, na umpe mwaka huu mmoja wa chuo aufikirie. Radhi ya mzazi aliyeambiwa ukweli ina uzito, na huenda ukamkuta amekuwa mwepesi kuliko unavyodhani akiona kwamba hukurupuki.

Mjomba wako bado anaweza kufaidika na swali lake mwenyewe. Sajini mwenye miaka ya kusimamia watu, akiongeza stashahada ya usimamizi wa ulinzi au ya afya na usalama kazini, anaweza kuomba nafasi ya usimamizi mahali palepale anapolinda lango. Mpelekee salamu zangu pamoja na pendekezo hilo, kwa adabu.

Na yule mtu wa Mokowe asipewe hata senti. Usajili wa KDF ni wa bure, hufanyika hadharani katika vituo vilivyotangazwa, na yeyote anayeuza nafasi anauza asichokuwa nacho. Wapo waliofika lango la Eldoret na barua walizozilipia, wakakamatwa hapohapo kwa kuwa barua zilikuwa bandia. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa ana hatia sawa na anayepokea, kwa hiyo baba yako angepoteza kiwanja na pengine uhuru wake pia. Mwombe aiache hati ya kiwanja mahali ilipo, na mtu huyo aripotiwe kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kabla hajamfikia mzazi mwingine.